Wafungaji wa nzi wa Kenya

Mvuvi anayejigamba kwa trauti aliyemnasa Uskochi au Montana huenda hajui kwamba nzi wake bandia, yaani chambo cha uzi na manyoya, alifungwa Kenya. Kazi hiyo ni ya macho na vidole. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa ndogo, uzi mwembamba huzungushwa, unyoya wa shingo ya jogoo hufuata, kisha fundo na tone la vanishi. Uzi ukikazwa mno hukatika. Ukilegea, nzi hufumuka majini. Ndoana namba 20 (namba ikipanda, ndoana hupungua!) haifiki urefu wa punje ya mchele. Na nzi wa mwisho katika dazeni sharti afanane na wa kwanza. Pakiti hubeba jina la muuzaji. La mfungaji halimo. Wewe unayenunua, uliza kafunga nani.