Bei ya Kahawa ya Karagwe na Kyerwa Hupangwa na Nani?

Kila msimu wa kahawa unapofunguliwa, vikao vyetu katika wilaya za Karagwe na Kyerwa hurudia ajenda ile ile: magendo. Hutolewa taarifa ya magunia yaliyokamatwa yakielekea Uganda, hulaaniwa walanguzi, huombwa doria iongezwe kando ya Mto Kagera, kisha kikao hufungwa. Mkulima aliyevusha gunia lake huitwa mhujumu. Hatuna nia ya kumtetea mlanguzi. Lakini tunaona kwamba maelezo haya ni ya juu juu, na kada anayeridhika nayo humwacha mkulima peke yake mbele ya nguvu ambazo kikao hakikuzitaja hata kwa jina.

Tuanze na mto wenyewe. Katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa Idi Amin, kahawa ndiyo iliyokuwa ikitoroka Uganda. Baridi kali ya Julai 1975 iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda mno mwaka 1976 na 1977. Mkulima wa Uganda alilipwa na bodi ya serikali yake sehemu ndogo tu ya bei hiyo, tena kwa fedha isiyonunua kitu madukani. Kahawa yake ikapita Chepkube kuingia Kenya, na ikapita kwenye mito na maziwa kwenda kwa majirani wengine. Amin aliweka askari wa kuwapiga risasi wafanya magendo, nao walipigwa. Kahawa haikuacha kuvuka. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Uganda ikaondoa ukiritimba wa bodi yake, wanunuzi wakaanza kulipa taslimu, na mkondo ukageuka: sasa gunia linatoka kwetu kwenda huko. Mto ni ule ule, na watu ni wale wale, wenye shangazi na wajomba katika kingo zote mbili, wanaoelewana kwa lugha bila mkalimani. Kilichogeuka ni upande unaolipa zaidi na unaolipa mapema.

Mpaka huu tunaujua kwa damu. Majeshi ya Amin yalipouvamia Mkoa wa Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, ni nguvu ya jeshi letu iliyoyatoa na kumwangusha Amin mwaka 1979, na hakuna mjadala wa bei ambao ungeifanya kazi ile. Lakini ndugu zetu wengine wamechukua somo la vita na kulihamishia kwenye gunia la kahawa. Hapo ndipo wanapokosea. Adui wa mwaka 1978 alikuwa amesimama upande wa pili wa mto. Anayepunguza thamani ya gunia hayuko Kikagati.

Yuko wapi basi? Mwaka 1962 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, wenye makao yake London. Kila nchi mzalishaji ilipewa mgawo wa kiasi ambacho ingeruhusiwa kuuza nje, ili bei isiporomoke. Tanzania ilikuwamo. Tujiulize: Marekani, mnunuzi mkubwa kuliko wote na mhubiri mkuu wa soko huria, ilikubali vipi kulipa bei iliyoinuliwa kwa makusudi? Jibu ni siasa. Mapinduzi ya Cuba yalikuwa yamefanyika mwaka 1959. Washington iliogopa kwamba wakulima wa kahawa wa Amerika ya Kusini, wakishikwa na njaa, wangefuata njia ya Havana. Nafuu aliyoipata mkulima wa Nkwenda au Kayanga katika miaka ile ilikuwa, kwa sehemu kubwa, matone yaliyomwagika kutoka kwenye kikombe cha vita baridi.

Julai 1989 migawo ilisimamishwa. Hofu ya ukomunisti ilikuwa imefifia, wanunuzi wakubwa hawakuona tena sababu ya kubeba gharama, na wazalishaji wenyewe (hili tulikiri) waligombania migawo kama ndugu wanaogombania shamba la marehemu. Katika muda wa miezi tu bei ikashuka kwa karibu nusu. Mwaka 1993 Marekani ikajitoa katika shirika lenyewe. Kufikia mwaka 2001 robusta, ambayo ndiyo kahawa kuu ya huku kwetu, iliuzwa duniani kwa chini ya senti 30 za Kimarekani kwa ratili. Watu walikata mibuni, wakapanda maharage na kuongeza migomba. Hakuna mlanguzi mmoja wa Murongo aliyekuwa na uwezo wa kuleta hasara ya namna hiyo.

Kyerwa ina ushahidi wa pili, nao hautajwi vikaoni kabisa. Vilima vyake vina madini ya bati, yaliyochimbwa tangu enzi za Waingereza. Bati nalo lilikuwa na mkataba wake tangu mwaka 1956, na Baraza lake la Kimataifa nalo lilikaa London. Baraza lilinunua bati bei ilipoanguka na kuliuza ilipopanda. Oktoba 1985 likaishiwa fedha, likiwa na madeni ya mamia ya mamilioni ya pauni. Bei ikaanguka hadi karibu nusu, na migodi ikafungwa kuanzia Bolivia hadi Malaysia. Serikali wanachama, zikiwemo tajiri, zilikataa kulipa deni, na mwaka 1989 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba hazilazimiki kulipa. Mchimbaji mdogo wa Kyerwa akikataa kulipa deni la sululu dukani, huitwa tapeli.

Mikataba hiyo miwili ilikufa katika mji mmoja, ndani ya miaka minne. Tukumbuke pia kwamba nchi za Dunia ya Tatu zilikuwa zimeliona jambo hili mapema. Mwaka 1974 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la Utaratibu Mpya wa Uchumi wa Dunia, na Mei 1976, Nairobi, mkutano wa UNCTAD ulikubali mpango wa kulinda bei za mazao na madini 18, kahawa na bati yakiwa miongoni mwake. Mfuko wa pamoja wa kuuendesha mpango huo ulikubaliwa mwaka 1980. Ulianza kufanya kazi kisheria Juni 1989. Mwezi uliofuata migawo ya kahawa ikasimamishwa. Mwavuli ulifunguliwa nyumba ikiwa imekwisha ezuliwa.

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, lawama zote ni za mabeberu, na sisi mikono yetu ni safi. Hoja hiyo hatuikubali. Mwaka 1976, bei ya dunia ikipanda kuliko wakati wowote, ndipo vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na mazao kukabidhiwa mamlaka za serikali. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, vikiwa vimepoteza wataalamu na imani ya wanachama. Mkulima alizoea kukopwa: kahawa inaondoka, malipo ya pili yanasubiriwa, majaliwa yanakuwa majaliwa kweli. Kisha katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Kwa misimu michache walishindana na kulipa taslimu. Bei ya dunia ilipoporomoka, wengi wakatoweka, na aliyebaki akawa mwenye fedha za butura.

Butura inastahili kuelezwa kwa vijana wetu wa vyuoni, maana wengi hulisikia neno tu. Mtu mwenye fedha humfuata mkulima kahawa ikiwa bado ua mtini, au tunda bichi, akamlipa bei ya kutupa. Mavuno yakiiva ni yake. Tunaikataza kila mwaka. Lakini kahawa ya Kagera huanza kuvunwa kuanzia Mei, na sare na madaftari hutakiwa Januari. Ugonjwa hautakiwi mwezi wowote, huja tu. Katazo linalomkuta mama mjane mwenye watoto wawili wa sekondari bila mkopo wa ushirika mkononi ni katazo la kumwambia asisomeshe. Mwenye butura ndiye benki pekee inayomfikia.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ikusanywe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na baadaye minada ya kahawa ya maganda ikaletwa mkoani, karibu na mkulima. Hatua hii tunaiunga mkono bila kusitasita. Mkulima kuiona bei ikitangazwa na wanunuzi kushindana mbele yake ni nguvu aliyokuwa hana, na inapunguza hamu ya kuvuka mto kuliko doria yoyote. Hata hivyo tumewasikia makada jukwaani wakijisifu kwamba bei nzuri ya miaka hii ni kazi yao. Mwaka 2024 robusta ilipita dola 5,000 kwa tani katika soko la London, na sababu kubwa ilikuwa ukame wa Vietnam, nchi iliyoongoza kwa robusta baada ya migawo kufa. Mnada ulimsaidia mkulima wetu kupata sehemu kubwa zaidi ya bei hiyo, haukuitengeneza. Kada anayejitwalia sifa ya ukame wa Vietnam leo atakuwa na jibu gani mvua ikinyesha vizuri huko na bei ikaporomoka? Atarudi kwenye ajenda ya walanguzi.

Na mamlaka ya kuamua bado yako mbali. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria kuhusu madini ya migogoro ya Kongo, ikazihusisha pia nchi jirani, hivyo bati la Kyerwa, ambalo halijawahi kumlisha mpiganaji yeyote wa Kivu, likahitaji hati ya kuthibitisha kwamba ni la Kyerwa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni kwamba kahawa itakayoingia kwake isitoke katika shamba lililopatikana kwa kukata msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na mahali shamba lilipo pajulikane kwa vipimo vya ramani. Utekelezaji wake uliahirishwa mwishoni mwa mwaka 2024, lakini kazi ya kupima haisubiri. Kulinda misitu ni jambo jema. Ila ramani ya kila kibanja cha Karagwe itakuwa mikononi mwa mtu fulani. Ikiwa mikononi mwa chama cha msingi, mkulima ataweza kuitumia hata kuombea mkopo wa Januari. Ikiwa mikononi mwa kampuni inayonunua, atakuwa amefungwa kwa mnunuzi huyo kabla mbuni haujatoa ua. Hilo ndilo tungependa kulisikia katika ajenda ya kikao kijacho, kabla ya taarifa ya magunia yaliyokamatwa.