Neno "Leave" na Taabu ya Mfasiri

Kamusi za Kiingereza kwa Kiswahili, tangu ile ya A. C. Madan ya mwaka 1894 hata ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, hupanga visawe vya neno pamoja na mifano michache. Mpango huo wafaa kwa jina la mti au la chombo. Kwa kitenzi "leave" hautoshi.

Kwa asili kitenzi hicho hakikuwa na maana ya safari. Katika Kiingereza cha kale maana yake ilikuwa kubakiza kitu, au kuwaachia watu mali. Maana ya kuondoka ilifuata baadaye, kwani aendaye huacha nyuma yake mahali na watu.

Kiswahili kimeigawa kazi hiyo kwa namna yake. Aondokaye huinuka alipokuwapo. Atokaye alikuwa ndani akawa nje. Ahamaye hakusudii kurudi. Aagaye hunena neno kabla ya kwenda. Chombo hung'oa nanga, na chakula husazwa. Lililo karibu zaidi na asili ya neno la Kiingereza ni "acha", na hapo ndipo penye hatari. Mwingereza akiandika kwamba mtu alisafiri na mkewe akabaki Tanga, mfasiri mwepesi wa kalamu ataandika, "Alimwacha mkewe Tanga." Lakini kumwacha mke ni kumpa talaka. Habari iliyokuwa ya safari tu yaweza kusomwa kuwa ndoa imevunjika, na watu wakaanza kuhesabu eda. Heri kusema, "Alisafiri, mkewe akabaki Tanga," ijapokuwa maneno yamezidi.

Katika mirathi mambo ni mazito vilevile. "Aliacha nyumba mbili" haina utata. "Alimwachia bintiye nyumba" haielezi kama alimpa angali hai, kama alimwusia, ama kama nyumba ni fungu lake la urithi. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, tofauti hiyo si ya maneno matupu: wasia uliozidi theluthi ya mali, au uliofanywa kwa mrithi, hungoja ridhaa ya warithi wengine. Mfasiri aliyeandika "alimwachia" na kunyamaza hakukosa sarufi. Ameficha jambo lile lile linalogombewa. Mtunga kamusi naye ana lawama, asipompa onyo lolote.

Jina linaloandikwa vivyo hivyo, lenye maana ya ruhusa, lina asili nyingine kabisa, na taabu yake ni ndogo: "ruhusa" na "likizo" zatosha. Wafanyakazi wa ofisini wamejikatia njia kwa kusema "yuko livu", neno ambalo wapenda lugha safi hulikunjia uso, lakini halijapata kumpa mke wa mtu talaka.