Khadi: Thamani ya Nguo na Ujira wa Msokotaji

Wanafunzi wengi wa itikadi wanaposoma historia ya ukombozi wa India huifikia khadi na kuipita kama pambo. Wanaona picha ya Gandhi ameketi mbele ya gurudumu la kusokotea uzi, wanaandika "kujitegemea" katika daftari, basi. Lakini nguo hiyo ni hoja ya uchumi, na kila hoja ya uchumi hapana budi ipimwe: kitu hiki kinagharimu kiasi gani, na ni tabaka gani linalolipa?

Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe. Si kila nguo iliyofumwa kwa mkono ni khadi. Khadi ni nguo ambayo hata uzi wake umesokotwa kwa mkono, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba uzito wote. Mfumi mwenye uzi wa kiwandani anakaa kitandani pake akafuma. Mfumi wa khadi anangoja wasokotaji kadhaa wamlishe kitanda kimoja, na wengi wao ni wanawake wa vijijini. Saa nyingi zaidi zilizomo ndani ya nguo ni zao, na ndio waliolipwa kidogo kuliko wote.

Gandhi alianza kuitetea kazi ya mikono katika kitabu chake Hind Swaraj, alichokiandika mwaka 1909 melini, akitoka London kurudi Afrika Kusini. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba hakumbuki kuwa wakati huo alikuwa amekwisha kuona kitanda cha mfumi wala gurudumu la uzi. Siasa yake ilikuwa sahihi: Uingereza ilichukua pamba ya India, kisha ikawauzia Wahindi nguo za viwanda vya Lancashire. (Marx alikwisha kuyaandika maangamizi ya ufumaji wa India mwaka 1853, katika gazeti la New York, ingawa yeye hakukililia kijiji cha kale. Na sisi tusijione tuko mbali. Neno letu "amerikani" lilitokana na nguo za viwanda vya Marekani.) Kilichokosekana katika hoja ya Gandhi ni bei.

Bei haikukawia kujitokeza. Tarehe 31 Julai 1921 nguo za kigeni zilichomwa moto hadharani mjini Bombay. Mwezi wa Septemba, akiwa katika treni kuelekea Madurai, Gandhi aliwauliza abiria waliovaa nguo za kigeni kwa nini hawavai khadi. Wakamjibu kwamba wao ni maskini na khadi ni ghali. Huko Madurai akaacha mavazi yake, akabaki na kipande cha nguo kiunoni. Kitendo hicho ni kikubwa na dunia inakikumbuka. Hata hivyo hakikuwajibu abiria wale. Kiongozi alipunguza nguo mwilini mwake; bei ya yadi moja ya khadi ilibaki pale pale.

Rabindranath Tagore alimkosoa, mwaka 1921 na tena 1925. Aliona kuchoma nguo mbele ya watu walio uchi ni jambo la kutisha, na kwamba gurudumu lilikuwa limegeuzwa kitu cha kuabudiwa. Katika hilo la pili Tagore alikuwa na haki: amri isiyoeleza sababu haijengi uchumi. Lakini Tagore alitoka katika ukoo wa wenye ardhi, na swali la Gandhi hakulimaliza. Mkulima asiye na kazi miezi kadhaa baada ya mavuno afanye nini, na kwa chombo gani anachoweza kukinunua?

Mfano unaotuhusu sana sisi watu wa chama ni wa Desemba 1924. Mkutano wa chama cha Congress huko Belgaum uliamua kwamba mwanachama atoe yadi 2,000 za uzi kila mwezi. Ada ya uanachama ikawa jasho! Ila uamuzi huo ukaacha mlango wazi: asiyetaka kusokota aliweza kuleta uzi uliosokotwa na mwingine. Maana yake, mwanasheria wa mjini aliweza kununua kazi ya mwanamke wa kijijini na kuiwasilisha kama mchango wake katika mapambano. Mwaka uliofuata sharti hilo likalegezwa.

Hatua iliyo bora katika historia hii yote haimo katika picha. Mwaka 1935 Gandhi aliutaka umoja wa wasokotaji, alioushirikisha katika kuundwa kwake mwaka 1925, upandishe ujira. Alipendekeza anna 8, yaani nusu rupia, kwa saa 8 za kusokota. Baadhi ya wasimamizi wakashtuka: bei itapanda na nguo itakosa mnunuzi. Kumbe unafuu wa khadi, hata huo mdogo uliokuwapo, ulitoka katika tumbo la msokotaji. Mzalendo aliyejivunia shati lake alikuwa akilivaa kwa ruzuku ya mtu mwenye njaa kuliko yeye. Ujira ulipandishwa, ingawa haukufika kiwango alichotaka Gandhi. Wanaomlaumu kwamba alikuwa mtu wa kurudi nyuma tu wasome mjadala huu. Hapa ndipo alipoishika thamani ya kazi kwa mkono mzima.

Baada ya uhuru dola ilijitwika sehemu ya mzigo. Tume ya Khadi na Viwanda vya Vijijini ilianza mwaka 1957, na punguzo la bei likalipwa na hazina. Kanuni nayo iliilinda nguo hiyo: bendera ya taifa ilitakiwa itengenezwe kwa khadi. Tarehe 30 Desemba 2021 kanuni ilibadilishwa, poliesta na kazi ya mashine zikaruhusiwa. Agosti 2022, katika kampeni ya kila nyumba kupeperusha bendera kwa miaka 75 ya uhuru, posta ziliuza bendera kwa rupia 25. Kwa bei hiyo msokotaji hashindani. Huko Hubli, jimboni Karnataka, ambako bendera za khadi zilikuwa zikitengenezwa, kazi inayofanywa zaidi na wanawake, mabadiliko hayo yalipingwa waziwazi.