Zaburi ya 55 haiishii kwenye mabawa ya njiwa

Kuna wimbo mmoja wa kwaya na ogani ambao vijana wa hapa Nyakarenzo hawachoki kuniomba niuweke kwenye kispika. Kwa Kiingereza unaitwa Hear My Prayer. Aliutunga Mjerumani Felix Mendelssohn mwaka 1844, ukaimbwa mara ya kwanza London tarehe 8 Januari 1845. Maneno aliyaandaa William Bartholomew kutoka Zaburi ya 55. Tunaousikiliza sisi ni ule uliorekodiwa mwaka 1927 katika kanisa la Temple, London, mvulana Ernest Lough akiongoza. Santuri zake ziliuzwa zaidi ya milioni moja.

Uzuri wake kwanza. Mwanzoni sauti moja tu inaomba, ogani iko chini yake kama mtu aliyemshika mgonjwa mkono. Halafu maadui wanaingia. Mwendo unabadilika, muimbaji anasema jambo, kwaya nzima inalirudia. Hapo Mendelssohn aliweza kweli! Aliyekimbia anajua: habari mbaya inatoka mdomo mmoja, mara mtaa mzima unaisema. Hata asiyejua Kiingereza hapo anashtuka.

Sehemu ya mwisho ndiyo inapendwa sana, na hapo ndipo nina neno. Mtu anatamani mabawa ya njiwa, aruke mpaka jangwani, ajenge kiota, apumzike milele. Sauti inapanda taratibu, kwaya inaipokea kwa upole, ogani tamu, basi, imekwisha.

Lakini Zaburi yenyewe haijaisha. Fungua Biblia usome kuanzia mstari wa 12. Mwenye kulia anasema aliyemuumiza si adui, ni rafiki yake, mtu ambaye walikuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Maneno hayo hayamo katika wimbo. Kwa hiyo adui anabaki mtu wa nje asiye na sura. Sisi tuliovuka mto Rusizi tunajua haiko hivyo kila mara. Kuna aliyekimbia jirani ambaye walikuwa wanakaa benchi moja kanisani, na hilo ndilo linalomnyima usingizi mpaka leo.

Na lile jangwa? Wimbo unalifanya kuwa mwisho wa safari. Kiota chetu sisi ni shitingi, na sijasikia mtu akiomba akae chini yake milele.

Sasa tuuache? Hapana, tuusikilize tu. Ila watunzi wa kwaya zetu, ninyi mnaotunga zaburi kila mara, anzeni pale Mendelssohn alipoishia. Habari ya rafiki msaliti wapeni besi peke yao, kinanda kinyamaze kabisa. Kisha ndiyo mfike mstari wa 22, pale mtu anapoambiwa amtwike Mungu mzigo wake. Faraja hiyo ina nguvu kwa sababu mzigo umeshatajwa kwa jina. Ukiuruka mzigo, faraja inakuwa utamu tu.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, tarehe 20 Juni mkitualika kuimba Siku ya Wakimbizi, msituombe nyimbo za njiwa peke yake. Tupeni dakika tano zaidi, mtusikie mpaka mwisho wa Zaburi.