Raspberry Pi Ikijizima, Anza na Ushahidi

Raspberry Pi 4 inayotumia sola mjini Voi ikianza kujizima na kujiwasha ovyo, wa kwanza kulaumiwa ni jua. Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na ndani ya kisanduku kilichofungwa juu ya bati huzidi hapo. Lakini Pi ikikaribia nyuzi 80 za ndani hupunguza kasi, haijizimi.

Ugumu ni kwamba mashine ikiwaka upya huwa imeshafuta ushahidi. Amri ya vcgencmd get_throttled huonyesha kama umeme umewahi kushuka chini ya volti 4.63, ila alama hizo hufutika kila inapowaka. Ukisoma 0x0, yaani hakuna alama, baada ya tukio, hujajua lolote.

Kwa hiyo kwanza hifadhi kumbukumbu za mfumo kwenye kadi, kwa kuweka Storage=persistent katika mipangilio ya journald. Hata hivyo journald huweza kungoja dakika 5 kabla ya kuandika kwenye kadi, na dakika hizo ndizo unazozitafuta. Andika programu fupi inayorekodi joto na jibu la get_throttled kila dakika, kisha iite sync papo hapo. Irekodi pia sekunde tangu mashine iwake, kwa sababu Pi 4 haina betri ya saa, na pasipo mtandao saa yake hudanganya.

Tatizo likitokea tena, soma kumbukumbu za kabla ya kuwaka upya kwa journalctl -b -1. Huduma zikiwa zimefungwa moja moja, kuna programu au mtu aliyeamuru. Maandishi yakikatika ghafla, ama umeme umekatika ama mfumo umeganda. Rekodi ya mwisho ikiwa 0x50005, umeme ulikuwa chini wakati huohuo.

Hapo pima waya. USB nyembamba ya 28 AWG, mita 1, ina ukinzani wa takriban omu 0.43 kwenda na kurudi. Modemu iliyochomekwa kwenye Pi ikituma data na mkondo ukafika ampea 1.2, volti 0.51 hupotea njiani: 5.1 inakuwa 4.59. Waya wa 20 AWG wa urefu uleule hupoteza takriban 0.08 tu.

Badilisha waya peke yake, kisha tuma data ileile. Rekodi zikibaki 0x0, umepata chanzo. Anayekimbilia kununua Pi mpya ataichomeka kwenye waya uleule.