Zimwi Likujualo

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Niliiamini methali hiyo mpaka nilipoanza kuandika habari za mahakamani. Kwenye kesi za watoto, mshtakiwa mara nyingi ni mjomba, jirani, mtu wa nyumbani kabisa. Ndiyo maana Pet, riwaya ya Akwaeke Emezi, mwandishi mzaliwa wa Nigeria, ilinikaba.

Ilitoka 2019. Jam, binti anayeongea kwa ishara zaidi kuliko kwa mdomo, anaishi Lucille, mji ambao watoto wanafundishwa kuwa mazimwi yamekwisha. Siku moja damu yake inadondokea mchoro wa mama yake, na kiumbe chenye pembe na manyoya kinatoka humo. Kimekuja kuwinda zimwi, na zimwi lenyewe limo nyumbani kwa Redemption, rafiki yake mkubwa.

Kiumbe kinatisha kukitazama. Zimwi lina sura ya mtu tu. Hapo ndipo Emezi aliponimaliza. Wazazi wa Jam si wabaya, wanampenda mtoto wao, lakini wanamwambia akirudishe kiumbe kilikotoka. Kukubali kwamba zimwi lipo ni kukubali kwamba mji wao haujapona.

Lalamiko ninalo: mwishoni nguvu za kiumbe zinarahisisha mambo mno. Mahakamani hakuna mwenye pembe wa kumfanya mtu akiri.

Hata hivyo, mpe kijana wako aisome. Halafu siku akikwambia jambo kuhusu mtu mnayemheshimu, usimwambie anyamaze.