Makanisa ya Kiingereza katika Miji ya Wales

Waandikao habari za kanisa dogo la Kiingereza katika mji wa Wales huanza kwa desturi na jiwe la msingi: nani aliliweka, fedha zilipatikanaje, kinanda kilinunuliwa lini. Hayo ni mema, lakini twaona wameliacha swali kubwa zaidi. Kanisa lile lilijengwa kwa ajili ya nani?

Wales ina lugha yake, na Wawelshi wengi waliojitenga na Kanisa la dola walisali kwa Kiwelshi katika nyumba za sala walizojijengea. Kisha ikaja reli. Njia ya kutoka Chester kwenda Bangor ilifunguliwa mwaka 1848, Waingereza wakamiminika katika miji ya pwani kama Rhyl na Llandudno. Kusini walivutwa na kazi ya makaa ya mawe. Mzee Lewis Edwards, mkuu wa chuo cha Bala, aliwahimiza Wamethodisti wa Kikalvini kuwajengea wageni hao makanisa ya Kiingereza. Hoja yake haikuwa ya mpumbavu, wala hatupendi kuicheka kama wengine walivyoicheka. Mgeni naye ana roho, na asiyefahamu mahubiri husinzia tu.

Walakini Robert Ambrose Jones, aliyejiita Emrys ap Iwan, aliona neno ambalo wakubwa wake hawakutaka kuliona. Mahali pengine Waingereza walikuwa wachache mno, hata Wawelshi wakatolewa katika makanisa yao ili wajaze viti vya lile jipya. Nyumba ya mgeni ilijengwa kabla mgeni hajafika, na wana wa nyumbani ndio waliopelekwa kukaa humo! Kalamu yake ilikuwa kali, nasi twakiri kwamba dhihaka zake ziliwaumiza watu wenye nia njema. Lakini kumnyima kuwekewa mikono, kama ulivyofanya mkutano wa Llanidloes mwaka 1881, twalihesabu kuwa kosa. Alikuja na hoja, naye alistahili kujibiwa kwa hoja. Akakubaliwa mwaka 1883.

Mwaka 1901 karibu nusu ya watu wa Wales walisema Kiwelshi. Mwaka 2021 hawakufika 18 katika kila 100. Hatusemi kwamba makanisa hayo ndiyo yaliyoleta yote, kwani shule na viwanda vilifanya zaidi. Wala ya Kiingereza hayakupona: mengi yamefungwa sawasawa na jirani zake za Kiwelshi, na mengine yamegeuzwa kuwa nyumba za kukaa watu.